Killmonger, Ayeeyo na video niliyoifuta

Video yangu iliyotazamwa na watu wengi kuliko zote haipo tena. Niliifuta mwenyewe saa nane usiku, nikiwa nimelala kwenye mkeka nje ya nyumba, kwa sababu ndani ya mabati joto la Wajir halina huruma hata usiku. Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza iko wapi. Wengine mmesema niliogopa, na mmoja akasema nililipwa. Walahi kama kuna mtu alitaka kunilipa, bado hajanipata, na namba yangu ni ile ile.

Nilifuta kwa sababu ya Ayeeyo. Lakini ili muelewe lazima nianze na muvi.

Black Panther ilitoka Februari 2018. Nilikuwa nimeingia kidato cha kwanza juzi tu, bado sijui kufunga tai. Kisumu walikuwa na sherehe siku hizo, filamu ilizinduliwa kule kwa heshima ya Lupita Nyong'o, ambaye baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, ndiye gavana wao. Sisi huku tuliipata baadaye, kwa njia yetu. Kulikuwa na kijana mwenye laptopu nyuma ya duka la simu, unampa flashi na shilingi hamsini. Ile aliyotupa ilikuwa imerekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema na mtu mwenye mikono inayotetemeka. Kuna mahali mtu anasimama kwenda choo na kichwa chake kinamfunika M'Baku wote. Miaka miwili nilidhani M'Baku hana uso.

Tulitazama tukiwa vijana wanane kwenye chumba kimoja, laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Na sisi ni watoto wa DJ Afro, tumezoea kuambiwa mapema nani ni staringi na nani ni adui, nani atakufa na nani hafi hata apigwe risasi arobaini. Hii haikuwa na DJ Afro. Ilibidi tuamue wenyewe. Na sote wanane, bila kuulizana, tukaamua vibaya: tukamchagua adui.

Wacha niwaambie kwa nini, kwa sababu naona watu wa Nairobi wanaandika kuhusu Killmonger kama vile ni nywele tu na kifua cha Michael B. Jordan.

Kuna ile sehemu analetwa mbele ya baraza la Wakanda amefungwa mikono. Hakuna anayemjua. Wanamwona mgeni, Mmarekani, mhuni. Halafu anaulizwa yeye ni nani, naye anajibu kwa lugha yao, si kwa Kiingereza: anataja jina lake, N'Jadaka, na anataja baba yake, N'Jobu. Chumba kizima kinaganda. Mtoto yeyote wa Kisomali anaijua sehemu hii hata kama hajawahi kuona muvi. Inaitwa abtirsi. Kabla hujajua kuandika jina lako unafundishwa kuhesabu mababu zako, mmoja baada ya mwingine, mpaka kumi, mpaka kumi na tano. Mzee akikukuta njiani hakuulizi unakaa wapi. Anakuuliza wewe ni wa nani. Ukiweza kuhesabu, una watu.

Na kuna ile alama inayong'aa ndani ya mdomo wa chini. Kila Mwakanda anayo. Mwanzoni mwa filamu, Oakland 1992, mfalme T'Chaka anamwambia ndugu yake aonyeshe yeye ni nani, na N'Jobu anavuta mdomo chini, alama inawaka. Killmonger naye anayo. Amebeba kitambulisho cha nchi ambayo haijui kwamba yupo.

Sasa mimi, kupata kitambulisho cha Kenya, nilikaa mbele ya meza ya wazee na maafisa nikaulizwa babu yangu ni nani, baba ya babu yangu ni nani, tulikuwa tunaishi wapi, kisima gani. Hiyo ndiyo vetting, msasa. Rafiki niliyekutana naye baadaye chuoni, mtu wa Nyeri, aliniambia yeye alienda na cheti cha kuzaliwa, akapigwa picha, kwisha. Nilidhani ananidanganya. Februari 2025 Rais Ruto alikuja Kaskazini Mashariki akatangaza kwamba mambo ya msasa yamekwisha, na nimeona wadogo zangu wakifurahi. Nami nimefurahi. Lakini mwaka ule, na babu zangu wote mdomoni, ningeweza kuvuta mdomo wa chini kama N'Jobu, labda ingekuwa haraka zaidi.

Kwa hiyo ndiyo, tulimpenda. Na bado nasimama kwenye nusu moja ya ile video yangu: mkosaji mkubwa wa Black Panther si Killmonger. Ni T'Chaka. Mfalme mzuri, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya baba. Alimuua ndugu yake, na hata hapo mtu anaweza kusema aliokoa maisha ya Zuri, sawa. Dhambi yake kubwa ilikuja dakika tano baadaye. Chini, kwenye uwanja wa kikapu, kulikuwa na mtoto. Mfalme alijua. Akapanda chombo chake akaondoka, akamwambia Zuri asiseme. Yule mtoto anatazama taa juu angani zikiondoka, na akipanda ngazi atakuta maiti ya baba yake sakafuni.

Hakuna adui mwingine kwenye muvi za Marvel aliyetengenezwa hivyo. Thanos ana falsafa yake ya hesabu, sijawahi kuielewa. Loki ana wivu. Killmonger ana sakafu, baba yake juu yake, na nchi nzima tajiri iliyoamua kwamba ukimya ni bei nafuu.

Hapo ndipo nilipoingiza Wagalla.

Kwa wale wasiojua, na ninyi ni wengi, na si kosa lenu kwa sababu hata mimi shuleni sikufundishwa. Ijumaa ya tarehe 10 Februari 1984 askari wa serikali walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, mjini Wajir na vijiji vya karibu. Waliwatoa majumbani, wakawapakia kwenye malori, wakawapeleka kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, kilomita kama 15 kutoka mjini. Walivuliwa nguo. Waliwekwa juani, siku baada ya siku, bila maji. Walipigwa. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Maiti nyingi zilibebwa na malori zikatupwa porini. Serikali ilikuja kusema waliokufa ni 57. Manusura wanasema mamia, wengine wanasema maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza watu hapa Wajir na kutoa ripoti yake Mei 2013. Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba msamaha kwa dhuluma za zamani na kutaja hazina ya shilingi bilioni 10. Kuna kitabu, Blood on the Runway cha Salah Abdi Sheikh. Kuna filamu ya Judy Kibinge, Scarred, tazameni, lakini msitazame usiku peke yenu.

Babu yangu alikuwa kwenye lori mojawapo. Baba yangu alikuwa na miaka saba. Hakuna kaburi. Kwenye abtirsi yangu yeye ni jina la pili baada ya baba, ndilo jina ninalolitaja haraka kuliko yote, na hakuna picha yake hata moja.

Baba yangu haongei juu yake. Kwa kweli baba yangu haongei sana juu ya kitu chochote. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni tabia. Nilipomwona yule mtoto wa Oakland akiangalia juu, nilijua si tabia.

Basi. Mwaka juzi niliacha chuo. Karo ilikuwa imenishinda tangu muhula wa pili, mkopo ukawa unatosha chumba na mkate tu, na siku moja nikaona jina langu halimo kwenye orodha ya mtihani. Nikarudi Wajir na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Nikaanza kuongea kuhusu muvi. Mwanzo mlikuwa watu kumi na moja, wanne kati yenu ni jamaa zangu. Nawapenda sana ninyi kumi na moja.

Halafu Februari ikaja. Kila Februari huku watu wanakumbuka Wagalla, na kila Februari mitandao inajaa mishumaa na maneno yale yale. Nikasema mimi nitafanya tofauti. Nikachukua vipande vya Killmonger, nikaweka sauti yangu juu, dakika moja na nusu. Nikasema alikuwa sahihi. Nikasema T'Challa ni mtoto aliyezaliwa ndani ya mali, anaongea amani kwa sababu hajawahi kukosa kitu. Nikamaliza na picha ya kiwanja cha Wagalla, kile kichanga cheupe, na juu yake moto wa ile bustani ya Wakanda ukiwaka. Maneno ya mwisho niliyosema sitayarudia hapa. Yalihusu kuchoma.

Niliweka jioni, nikaenda kunywa chai. Niliporudi simu ilikuwa moto. Asubuhi ilikuwa imetazamwa na watu zaidi ya wote walionifuata tangu nianze, mara mia. Sijui kama mnajua ile hisia. Umefukuzwa na karo, jirani anakuita yule aliyeshindwa na chuo, halafu ghafla dunia nzima inakuita bro. Nilisoma komenti zote. Nyingi zilikuwa nzuri, watu wakitaja majina ya babu zao, wakilia. Mtu mmoja kutoka Minneapolis aliandika jina la baba yake tu, basi, jina moja.

Siku ya tatu zikaanza nyingine. Mtu akaandika jina la ukoo mwingine wa hapa hapa, akasema hao ndio walioonyesha nyumba mwaka ule. Mwingine akamjibu. Mwingine akaandika mtaa. Halafu mtu asiye na picha akasema dawa ni kuanza na walimu wa kutoka bara, watoke. Alama za kupenda zilikuwa mia na kitu.

Walimu. Mnajua huku neno hilo lina uzito gani. Novemba 2014 basi lilisimamishwa Mandera wakauawa watu 28, wengi walimu waliokuwa wanarudi kwao likizo. Mwalimu wangu wa kemia alikuwa mtu wa Kisii. Alikaa, wenzake walipoondoka yeye alikaa, akatufundisha madarasa matatu kwa pamoja ukumbini kwa sababu hakukuwa na mwingine. Alama yangu ya kemia ni yake. Na mimi ndiye niliyewasha hicho kibanda watu wakaja kuota moto.

Bado sikufuta. Niseme ukweli. Nilifuta zile komenti mbaya mbili tatu, nikaacha video, kwa sababu namba zilikuwa bado zinapanda.

Aliyemwonyesha Ayeeyo ni binamu yangu, mtoto wa adeer, ana miaka kumi na minne na anadhani mimi ni mtu mkubwa. Alimpelekea simu kwa furaha. Ayeeyo haoni vizuri, na Kiswahili chake ni cha sokoni, amekaa miaka mingi akiuza maziwa ya ngamia. Aliishika simu mbali na uso kama wanavyofanya. Nilikuwa mlangoni. Alitazama mpaka mwisho, ikaanza tena yenyewe, akatazama tena.

Nilidhani atalia kwa sababu ya kiwanja. Hakulia. Huku kwetu bibi anakuita wewe pia kwa jina lake, kwa hiyo aliniambia, “Ayeeyo, kwa nini anamkaba huyo mwanamke mzee?”

Sikuwa hata nimeiona sehemu hiyo. Nilikuwa nimeiweka kwenye video yangu mwenyewe bila kuiona. Ni sekunde mbili. Killmonger ameshakunywa ule mmea wa moyo unaompa mfalme nguvu, anaagiza bustani yote ichomwe, na mama mzee anayeitunza anamwambia hawezi, ni desturi, ni kwa ajili ya mfalme atakayekuja baadaye. Anamshika shingo, anamwinua juu. Nimetazama Black Panther labda mara thelathini. Kila mara macho yangu yalikuwa kwake, kifua chake, makovu yake. Ayeeyo macho yake yalikuwa kwa yule mama.

Nikamwambia ana hasira, Ayeeyo, alimuuliwa baba yake.

Akasema, “Na mimi?”

Basi. Hakuongeza. Akamrudishia mtoto simu.

Usiku huo ndio nilifuta.

Tangu siku hiyo nimeitazama upya, polepole, kama mtu anayesoma mkataba. Na kuna vitu naviona ambavyo vijana wanane juu ya ndoo hawakuviona. Cha kwanza ni W'Kabi. Tulimwona msaliti tu, rafiki wa mfalme aliyegeuka. Lakini yeye wazazi wake waliuawa na Klaue, miaka na miaka ameomba haki, na mfalme baada ya mfalme amemwahidi. T'Challa anaenda Korea kumkamata Klaue, anarudi mikono mitupu. Kesho yake anakuja kijana mgeni na maiti ya Klaue kwenye gunia. Ungekuwa wewe? W'Kabi hakununuliwa na pesa. Alinunuliwa na mtu wa kwanza aliyemletea alichokuwa akililia. Hii mimi naijua. Huku kwetu kuna watu msituni ambao kazi yao ni hiyo hiyo, wanatafuta kijana ambaye hajasikilizwa, wanamwambia sisi tumekusikia. Hawaanzi na bunduki. Wanaanza na Wagalla. Na video yangu, dakika moja na nusu, muziki mzuri chini, ilikuwa inawaanzia kazi.

Cha pili ni ile bustani yenyewe. Killmonger anasema anataka kuwakomboa watu weusi dunia nzima, lakini kitu cha kwanza anachofanya akiwa mfalme ni kuhakikisha hakuna mfalme mwingine atakayekuja baada yake. Alichomewa utoto wake, naye anachoma wa wengine. Tayari alishampiga risasi mpenzi wake mwenyewe ili ampate Klaue, na sisi tulishangilia ile risasi, nakumbuka.

Na cha tatu ni Nakia. Hapa nitagombana na nusu yenu, najua mnampenda Okoye, mkuki na ule upara, na mimi pia. Lakini Okoye anabaki na kiti cha enzi hata akikalia nani, mpaka karibu na mwisho. Nakia tangu mwanzo wa filamu yuko nje, msituni Nigeria, anawatoa wasichana waliotekwa. Anasema kile kile anachosema Killmonger, kwamba Wakanda haiwezi kujificha na vibraniamu yake huku wengine wanaumia. Kile kile! Tofauti ni kwamba kabla bustani haijachomwa yeye anaingia na kuokoa mmea mmoja. Mmoja tu. Na huo ndio unaomrudisha T'Challa kutoka kwenye barafu. Akirudi kwa mababu mara ya pili, T'Challa hamkumbatii tena baba yake. Anamwambia alikosea. Ile sauti yake ikipasuka pale, marehemu Chadwick Boseman, mimi bado siwezi kuitazama nikiwa na watu, hasa tangu tulipojua Agosti 2020 kwamba alikuwa amebeba saratani muda wote ule.

Nilikuwa nikimtafuta Nakia wa Wajir, na kumbe alikuwepo na niliwahi kusikia jina lake likitajwa na mama bila kusikiliza. Dekha Ibrahim Abdi. Alizaliwa 1964, alikuwa mwalimu. Mwaka 1992 na 1993 koo za hapa zilikuwa zinauana, ukame juu, bunduki zimejaa baada ya Somalia kuvunjika. Alisimulia usiku mmoja wa 1993, risasi zinapita nje, amejificha chini ya kitanda na mtoto wake mchanga. Asubuhi mama yake akamwambia kwamba miaka ya 60, wakati wa vita vya Shifta, yeye naye alijificha na Dekha akiwa mdogo chini ya kitanda hicho hicho. Kitanda kile kile, bwana. Yeye ndiye angekuwa na haki ya kutafuta maporomoko na mkuki.

Alichofanya ni kwenda sokoni. Soko la Wajir lilikuwa limegawanyika, mama wa ukoo huu hauzi kwa ukoo ule, hanunui kwake. Dekha na wanawake wachache wa koo tofauti walianza hapo, kwenye maziwa na mboga. Walitaka kila mwanamke aweze kuuza na kununua kwa mtu yeyote, wakaweka kamati ya kusimamia. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, kutoka kwa wazee kwa vijana wenye bunduki, na mwaka huo huo wa 1993 wazee wakatia saini azimio la Al-Fatah. Mfano wao ukanakiliwa sehemu nyingine za Kenya. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Alifariki Julai 2011 kwa ajali ya barabarani, yeye na mume wake. Hakuna muvi yake. Ningekuwa na dola hata elfu moja kati ya zile bilioni moja na zaidi ambazo Black Panther ilipata, ningeanza.

Nilimuuliza Ayeeyo kama alimjua. Akacheka. Akasema alikuwa mmoja wa waliogoma kwanza, alikataa kabisa kumuuzia mwanamke fulani maziwa, na ilichukua wiki kadhaa. Huyo mwanamke fulani ni yule Mama wa duka la kona. Wanakunywa chai pamoja kila siku tangu nizaliwe. Mimi nilidhani ni jamaa yetu.

Sisemi haya ili tusahau Wagalla. Naona wengine mtaandika hivyo hapo chini, kwa hiyo nijibu kabisa. Nataka majina yaandikwe, yote, si 57. Nataka mtoto wa Nyeri na mtoto wa Kisii wafundishwe shuleni. Kulikuwa na mwanamke Mwitaliano, Annalena Tonelli, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu hapa. Mwaka ule wa 1984 alitoka na gari kuokota waliokuwa hai porini na kuzika waliokufa, na habari zikatoka nje kwa sababu yake, na ikabidi aondoke Kenya. Mtu mgeni alisema, T'Chaka wetu wakanyamaza. Hasira yangu iko pale pale. Ila nimegundua kwamba hasira yangu ina klipu za dakika moja na nusu, na ya Ayeeyo ina miaka arobaini na watoto watatu aliowalea, na ni yangu ndiyo ilikuwa tayari kumkaba mtu.

Wiki iliyopita nilimwomba tuitazame filamu yote pamoja. Safari hii nakala nzuri, M'Baku ana uso. Mimi ndiye niliyekuwa DJ Afro, kwa Kisomali, nikimtafsiria kila neno, nikikosea, binamu yangu akinirekebisha. Zile nguo za wazee wa baraza alizipenda sana. Shuri alisema anahitaji kuolewa. Vita vya vifaru vile vya kuchekesha alilala kidogo.

Tulipofika Oakland, ile sehemu ambapo Killmonger amekunywa mmea na anarudi kwa baba yake, hakuti uwanda mpana wenye zambarau kama T'Challa. Anakuta kile chumba kidogo, anaonekana mtoto, kisha mtu mzima, kisha mtoto. Baba anamuuliza mbona hana machozi kwa ajili yake. Nilitafsiri hilo taratibu. Baba yangu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi, na glasi ya chai mkononi.

Ayeeyo akaniambia nisimamishe.

“Huyu mtoto,” akasema, “alilelewa na nani?”

Nikafikiri. Nikarudisha nyuma, nikapeleka mbele. Filamu inatoka 1992 inaruka mpaka amekuwa askari. Mama yake hayupo. Hakuna shangazi, hakuna jirani, hakuna mtu anayempa hata uji.

“Hawasemi, Ayeeyo,” nikamwambia.

Akatazama skrini iliyosimama, ule uso mdogo. Kisha akamtazama baba yangu pale mlangoni. Adhana ya Magharibi ikaanza, baba akaweka glasi chini na kwenda kuchukua maji ya kutawadha, na mpaka leo tumesimama hapo hapo, bado hatujamaliza.